Kipande Kilichofungwa Kwenye Bomba la Boila

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na karakana ilikuwa ikifunguliwa saa mbili. Nilikuwa nimetoka nyumbani Kitale siku iliyotangulia, nikalala kwa shangazi hapo Bungoma, nikaamka kila baada ya saa moja kuhakikisha sijachelewa. Kwapani nilibeba kitabu kinene cha majedwali. Upande wa kushoto wa kila ukurasa yalipangwa majina ya asidi na kemikali nyingine, juu yakapangwa majina ya vyuma, na pale mistari inapokutana pana herufi moja inayokuambia chuma hicho kitadumu au kitaliwa. Chuoni nilikisoma mpaka jalada likalegea. Niliamini kwamba kuchagua chuma cha kutengenezea matangi ya kemikali ni kufuata mstari kwa kidole hadi ufike kwenye herufi.

Mlinzi alinitazama kwa muda, kisha akaja.

"Madam, unangoja nani?"

"Nimeajiriwa hapa."

"Na wenye walikuajiri wanajua?"

Nilimwonyesha barua yangu ya kuajiriwa, akaisoma pande zote mbili.

Ninyi vijana mnaofanya kazi pale sasa mliniomba niwaandikie jinsi mambo yalivyokuwa. Mnaijua karakana ikiwa na mashine inayosoma aina ya chuma kwa kukigusa tu. Wakati wangu tulikuwa na grainda, mizani ndogo, lenzi, na mwenye karakana, Mzee Simiyu, ambaye alikuwa ametumia ujana wake wote kukarabati mitambo ya kiwanda cha karatasi. Tulitengeneza matangi ya maziwa ya Kitale, matangi ya sabuni, na vyombo vya wale wanaochemsha asidi kwa sababu zao. Karibu kila kitu kilikuwa cha chuma kisichoshika kutu, ambacho sote tuliita stenilesi. Jina hilo limedanganya watu wengi. Stenilesi hushika kutu kama chuma kingine chochote, ila huchagua mahali na wakati wake.

Mzee Simiyu alinizungusha karakana nzima, na tulipofika kwenye rundo la sahani za chuma akasimama mbele ya mtu aliyekuwa akila kiazi kitamu, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso.

"Huyu ni Barasa. Kitu ikikusumbua, uliza yeye."

Barasa alinipima kwa macho. "Wewe ndio injinia?"

"Ndiyo."

"Karibu. Umekunywa chai?"

Nilikaa wiki nzima nikiwaza kama lile swali la chai lilikuwa ukarimu au kejeli.

Nitalisema mapema ili msilitafute: nilimwonea Barasa wivu kuanzia wiki ile mpaka nilipostaafu. Nilimwonea wivu kwa sababu Mzee alipokuwa na shaka alipita mbele ya meza yangu, akanisalimu vizuri, akaenda kumwuliza yeye. Nilimwonea wivu kwa sababu alilala usingizi mzito baada ya chakula cha mchana, juu ya sahani ya chuma, kofia usoni, wakati mimi nilikuwa nikirudia hesabu ileile mara ya nne. Alikuwa ameishia darasa la saba huko Matulo. Mimi nilikuwa na digrii, na nilikuwa nikiandika barua ya mistari mitatu kwa saa mbili nikihofia neno "tafadhali" litaonekana kama kujipendekeza.

Mzee alikuwa na desturi moja ambayo ninyi mmeirithi. Hakukubali kununua chuma cha tangi lolote kabla kipande chake hakijaishi kwa mteja. Tulikata vipande vya upana wa vidole vitatu, tukavitoboa, tukavipima, tukavining'iniza kwa kamba ya nailoni ndani ya tangi la zamani la mteja yule yule. Baada ya miezi mitatu tuliviosha na kuvipima tena, tukavitundika kwenye misumari ya ukuta wa ofisi, kila kimoja na karatasi yake. "Hata mchumba huletwa nyumbani aonekane kwanza," Mzee alipenda kusema. Mimi nilipenda mizani, kwa sababu mizani hutoa namba na namba haikuulizi maswali. Barasa hakuisogelea. Alikishika kipande, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Hii imeteseka pembeni," na nilipoweka lenzi nilikuta vishimo pembeni.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa kiwanda kidogo cha maziwa Kitale. Walikuwa na matangi matatu ya chuma kimoja, yaliyotengenezwa wiki moja na fundi mmoja. Mawili yaling'aa. La tatu lilikuwa limejaa vishimo chini kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nilikaa ndani ya lile tangi siku mbili na taa na daftari. Nikapima, nikachora ramani ya vishimo, nikarudi kwenye kitabu, nikaandika kurasa kumi na moja kupendekeza tangi libadilishwe kwa stenilesi ya daraja la juu, ile tunayoiita tatu-kumi-na-sita, yenye molibdeni ndani, ambayo huvumilia klorini zaidi.

Barasa siku hizo mbili alikunywa chai na waosha matangi. Nilimsikia akicheka nao nikiwa nimejikunja mle ndani, na kila kicheko nilidhani ni changu. Siku ya pili jioni aligonga tangi kwa kidole.

"Injinia, toka. Kuja usikie kitu."

Mwosha tangi la tatu alikuwa Mama Rael, mkazi wa Kipsongo, mtu wa kanisa la Sabato. Wenzake waliosha kila siku kwa maji ya klorini, wakasuuza mara moja. Yeye Jumamosi hafanyi kazi.

"Sasa Ijumaa mimi najaza tangi na maji ya dawa, naacha," alieleza. "Siwezi acha vyombo ya watu chafu siku ya Bwana. Jumapili nakuja namwaga."

"Dawa inakaa siku mbili?" nikauliza.

"Siku mbili, binti yangu. Inakuwa safi kabisa."

Hakukuwa na ubaya wowote wa chuma. Usafi wa Mama Rael ndio uliokuwa ukilitoboa tangi. Tulimwomba amwage maji yale Ijumaa hiyo hiyo na kuliacha tangi kavu, na tangi lile lilihudumu miaka mingi baadaye. Kurasa zangu kumi na moja nilizichana vipande vidogo sana. Njiani kurudi Bungoma Barasa hakunicheka. Ningefurahi angenicheka.

Andikeni jambo hili mahali: kitabu kinakuambia chuma na kemikali. Hakikuambii nani anaosha, anasali siku gani, na maji yanalala wapi.

Baada ya miaka kadhaa ilikuja kazi ambayo hatukuwahi kupata mfano wake. Kampuni moja ya Pwani ilituagiza chombo cha kuchemshia asidi ya siki, kali, kwa joto la nyuzi themanini hivi, kitakachowekwa juu ya jukwaa la chuma katikati ya bahari. Kingefunikwa blanketi la kuhifadhi joto, na juu ya blanketi kingevikwa bati. Hatua chache kutoka hapo vingekuwa vyumba vya kulala vya wafanyakazi. Mtu akimwagikiwa juu ya jukwaa hana pa kukimbilia isipokuwa majini.

Mara hii Mzee alileta karatasi mezani kwangu. Alisema, "Hii ni ya vitabu. Fanya wewe." Sikulala kwa furaha, halafu sikulala kwa hofu. Nilifuata mstari kwa kidole: asidi ya siki, nyuzi themanini, tatu-kumi-na-sita. Herufi ilikuwa nzuri. Tangi la zamani la kutundikia vipande halikuwapo, nikavitundika karakanani ndani ya asidi iliyo moto, vikatoka bila kupoteza hata uzito wa unywele. Nikachora, nikatia saini, sahani zikaagizwa.

Lori lililoleta sahani lilitoka Mombasa. Wakati wenzetu wanashusha, Barasa alilala chali chini ya lori akitazama fremu yake, dereva amechutama kando.

"Dere, hii imekuliwa na nini?"

"Chumvi ya Mombasa, bana. Huko hata kufuli inaoza ikiwa mfukoni."

"Mvua inarusha maji ya bahari?"

"Si mvua. Ni hewa. Hewa yenyewe iko na chumvi."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na kikombe changu. Nililisikia kila neno. Sisi watu wa huku juu hatujawahi kuogopa hewa. Kitale hewa ni kitu cha kukausha mahindi. Nilimaliza chai yangu nikarudi ofisini.

Kesho yake nilimkuta Barasa nyuma ya karakana, penye boila. Alikuwa amechukua kipande cha tatu-kumi-na-sita, akakikunja mpaka miguu yake miwili ikakaribiana, akaikaza kwa bolti ili chuma kibaki kimejivuta kama upinde. Alikivika kipande cha blanketi la joto, juu yake bati, akakifunga kwenye bomba la moto kwa waya. Mkononi alikuwa na kikombe cha maji ya chumvi, na aliyamimina taratibu juu ya bati.

"Unafanya nini, Fundi?"

"Napikia chuma."

"Bati si inazuia maji?"

"Injinia, bati zote za hapa nimefunga mimi. Na zote zinavuja."

Kila asubuhi alikinywesha kikombe kimoja. Wenzake walimwuliza kama mgonjwa ameamka, na yeye akajibu kwamba anakula lakini hanenepi. Mimi nilikaa mezani nikijiambia kwamba hilo si jaribio, halina kipimo, halina kumbukumbu. Niliwaza pia, na hili sikujiambia kwa sauti, kwamba kipande kile kikipona nitafurahi zaidi ya inavyopasa.

Wiki ya sita, siku ya Alhamisi, Barasa alifiwa na shemeji yake huko Lwakhakha. Kabla ya kuondoka alipita ofisini amevaa koti, akakiweka kipande mezani kwangu.

"Angalia hiyo kitu, Injinia. Nitarudi Jumatatu."

Wageni wa Pwani walikuwa wakija kesho yake kuidhinisha mchoro ili tuanze kukata. Nilifunga mlango. Nilipaka kipande ile rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, nikaifuta, nikapuliza unga mweupe, nikangoja. Mistari myekundu ilijitokeza kwenye mkunjo, myembamba, yenye matawi kama mizizi ya nyasi. Upande wa nje wote. Ndani, ambako mimi nilikuwa nimepima na kupima, chuma kilikuwa safi.

Nikaelewa yote mara moja. Maji ya chumvi yanapenya chini ya bati, joto linayakausha, chumvi inabaki. Kesho yanapenya tena. Asidi haitafanya lolote. Hewa ndiyo itakayokipasua chombo, kutoka nje, chini ya blanketi ambako hakuna jicho linalofika, na kwenye mchoro saini ni yangu.

Nilikitia kipande kwenye droo. Ndiyo, nilikitia. Kwa muda wa kama saa tatu nilitafuta kasoro ya jaribio lile: chumvi nyingi mno, mkunjo mkali mno, bomba moto mno. Nilizipata kasoro sita na nikaziandika vizuri kwa mpangilio. Kisha niliwaza mtu amelala kwenye kile chumba cha hatua chache, na nikajua kwamba orodha yangu haikuwa ikimlinda yeye. Nikakitoa.

Asubuhi, mbele ya wageni wawili na Mzee Simiyu, kabla kalamu haijagusa karatasi, nilikiweka kipande mezani.

"Naomba tusimame kidogo," nilisema. "Nimefanya jaribio."

Nilieleza vizuri sana. Sijawahi kueleza vizuri namna ile, wala kabla wala baada. Nilisema mkazo, joto, chumvi, siku arobaini na mbili. Nilisema tuache tatu-kumi-na-sita tutumie dupleksi, chuma chenye uvumilivu mkubwa zaidi wa nyufa za aina hiyo, na hata hicho tukipake rangi ya kinga kabla ya blanketi. Mgeni mmoja alitazama kwa lenzi, akampa mwenzake. Mzee aliniwekea chai yeye mwenyewe, kwanza mimi, kabla ya wageni. Nilikuwa nimeingojea chai hiyo miaka. Nikainywa.

Jumatatu Barasa alirudi na kukuta sahani za kwanza zimewekwa kando kwa kazi nyingine. Mzee aliwaambia watu wote wakati wa mapumziko, "Injinia wetu ametutoa kwa shimo." Barasa alinitazama. Nilikuwa nimetayarisha sentensi tisa za kujieleza. Yeye akauliza, "Hiyo chuma mpya inachomelewa aje?"

Dupleksi si rahisi. Ukiipa joto jingi inaharibika, ukiinyima inaharibika. Nilimsomea maelekezo kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, naye akafanya mazoezi kwenye vipande chakavu wiki tatu, mimi nikishika chaki za kupimia joto. Wageni walipokuja tena kumtazama akichomelea, mshono wake ulitoka sawa kama mshono wa cherehani, nao waliridhika. Chombo kilikwenda Pwani, kikapandishwa jukwaani, na habari yake ya mwisho niliyoipata ni kwamba walifungua bati baada ya miaka na kukuta rangi yangu imebanduka hapa na pale, chuma kizima.

Hiyo ndiyo hadithi ya kile mnachokiita Jaribio la Nekesa. Fomu yake mnaijua, imebandikwa karibu na boila, jina langu juu kwa herufi kubwa. Siku ya kuniaga, kijana aliyekuwa akiongoza sherehe alisimama akasema mimi ndiye niliyelivumbua, mkapiga makofi, nami nikainuka nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Kwa hiyo nawaomba, mkimaliza kusoma hapa, ibandueni ile fomu. Andikeni Jaribio la Barasa. Msiandike majina yote mawili ili kunistahi. Nalijua shauri hilo, nimelifikiria mwenyewe, na nimeliona lilikotoka.

Mwezi uliofuata kustaafu kwangu nilikwenda Matulo. Barasa aliacha kazi miaka sita kabla yangu. Sasa ana mahindi, ng'ombe mmoja, na magoti mabaya. Nilimkuta adhuhuri amekaa kwenye kigoda akinyoosha jembe kwa nyundo.

"Injinia. Umekuja kunipatia kazi?"

"Nimekuja kukuomba msamaha, Fundi."

Aliiweka nyundo chini. Nilimweleza yote, droo, orodha, chai. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njiani na bado niliyaanza upya mara mbili. Alinisikiliza akiwa amekunja uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtaa.

"Ile kipande ya boila?"

"Ndiyo."

"Si nilikupatia?"

"Ulinipa nikitazame."

"Nilikupatia uende nayo kwa mkutano. Mimi ningeambia wale watu nini, na Kiingereza ya nani? Ungesema ni ya Barasa, wangeuliza Barasa ni nani, tuanze kuzunguka." Akachukua nyundo tena. "Hiyo haikuniuma."

Nilipumua. Nilihisi miaka mingi ikinishuka mabegani, na nikaanza kusema asante.

"Yenye iliniuma ni ile ya cheti," akasema.

"Cheti gani?"

"Wageni walikuja kuona nikichomelea ile dupleksi. Nimevaa miwani, nimeshika mkono ya mashine, niko tayari. Ukasema, 'Fundi, kabla hujaanza, waonyeshe wageni cheti chako.' Na ulijua sina."

"Mimi?"

"Wewe, Injinia. Nikasema iko nyumbani. Watu wakacheka. Nikachomelea." Aligonga jembe mara moja. "Hata bibi yangu sikumwambia hiyo."

Nilimwambia sikumbuki. Alisema ni sawa, yeye anakumbuka. Hakusema kwa hasira. Alinikaribisha chakula, tukala ugali na kuku, tukazungumzia bei ya mbolea.

Tangu nirudi Kitale nimeitafuta siku ile kila pembe ya kichwa. Nayapata maelezo ya joto niliyomsomea, naipata hata rangi ya shati la mgeni mmoja. Lile swali silipati. Simdhanii kusema uongo. Ni swali langu kabisa, ningelifanyia mazoezi. Lakini halipo, wakati lile kosa jingine nimelitunza na kuling'arisha miaka yote kama kwamba ndilo pekee. Barasa analo hili la kweli, zima, pamoja na sauti niliyolisemea, na kwa miaka yote amelala nalo usingizi mzito. Mungu anisamehe. Nilipokuwa nikipanda bodaboda kuondoka Matulo, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa aibu. Nilimwonea wivu.